Panda, Soma, Shuka: Mdogo Wangu na Mizani ya Bafuni



Wapendwa vijana wenzangu, leo naomba tuongee kuhusu kitu ambacho sikuwahi kudhani nitakiandikia tafakari: ile mizani ya kupimia uzito inayokaa sakafuni bafuni. Najua wengine mmeshacheka. Vumilieni kidogo, mtaona nilikofika nayo.

Nyumbani kwetu mizani hiyo niliileta mimi. Mama alikuwa ametoka hospitali, moyo wake hausukumi damu vizuri, na daktari alimwagiza ajipime uzito kila asubuhi. Haikuwa habari ya unene. Moyo ukizidiwa, maji hubaki mwilini, na mara nyingi uzito unapanda kabla mgonjwa hajaanza kujisikia vibaya. Mama aliambiwa hivi: ukiona umeongezeka kilo mbili hivi ndani ya siku mbili tatu, usisubiri tarehe ya kliniki, njoo. Basi nikadunduliza, nikanunua mizani ya kioo, ya dijitali, nikaiweka bafuni na kumwonyesha namna ya kuitumia. Nikajiona mtoto mwema kweli.

Nilichosahau ni kwamba bafu ni la watu wote.

Likizo iliyofuata nilimkuta mdogo wangu wa kike, aliyekuwa kidato cha sita, amekonda. Chakula cha jioni eti ameshakula kwa rafiki yake. Asubuhi chai ya rangi, basi. Mama alikuwa na malalamiko ya aina nyingine: "Baba, hizi betri ulizonunua mbona zinaisha haraka hivi? Mimi najipima mara moja tu kwa siku." Nikanunua betri nyingine. Sikujiuliza zaidi.

Jioni moja tuko jikoni, yeye anakata mchicha, mimi nasonga ugali, akaniuliza bila kuniangalia: "Kaka, hivi kujipima uzito ni dhambi?"

Nikacheka. Nilikuwa nimemaliza shahada ya falsafa miezi michache nyuma, na mnajua sisi mafrateri tukiulizwa swali. Nikaanza: inategemea, kuna kitendo chenyewe, kuna nia, kuna mazingira, na Aristotle anasema fadhila iko katikati... Akanikatiza. "Kaka, sijamuuliza Aristotle. Nimekuuliza wewe. Mimi najipima mara nane kwa siku na siwezi kuacha."

Ugali ulianza kushika chini ya sufuria. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini: "Tena ulianza wewe. Ile Krismasi uliyoniita Bonge mbele ya wageni."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata namna wageni walivyocheka, na namna nilivyofurahi kwamba wamecheka.

Andiko hili ni jibu nililopaswa kumpa jioni ile. Amelisoma kabla yenu, ameniruhusu kulitoa, kwa sharti nisitaje jina lake.

1. Mizani inajua nini?

Tuanze na chombo chenyewe, maana nusu ya wasiwasi wetu inatokana na kutokijua. Chini ya kile kioo kuna miguu minne midogo. Ndani ya kila mguu kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana unapokanyaga. Kule kupinda kunavuta waya mwembamba uliobandikwa juu yake, umeme unaopita kwenye waya unabadilika kidogo, na kompyuta ndogo inageuza badiliko hilo kuwa kilo. Basi. Mizani haijui kama umetoka kulia au kusali. Inajua jambo moja tu: sakafu inasukumwa kwa nguvu kiasi gani hapo uliposimama.

Na hata hilo moja inalijua kwa masharti. Ukiiweka juu ya zulia inadanganya, maana inataka sakafu ngumu na iliyo sawa. Ukiihamisha, nyingi zinataka uiguse kwanza kwa mguu, usubiri isome sifuri, ndipo upande. Unasimama katikati, miguu mitupu na mikavu, bila kuegemea ukuta. Unajipima saa ileile, na saa nzuri ni asubuhi, umeshatoka chooni na hujala kitu. Kwa nini? Kwa sababu mwili unapanda na kushuka kilo moja, hata mbili, ndani ya siku moja bila mafuta kuongezeka popote. Ukinywa lita moja ya maji umeongezeka kilo moja papo hapo. Ukila chakula chenye chumvi nyingi, mwili unashika maji. Kwa wasichana wengi, siku zinapokaribia, ni hivyohivyo.

Kwa hiyo mtu anayejipima mara nane kwa siku anasoma nini? Anasoma maji. Anasoma chai, jasho, na safari za chooni. Mdogo wangu alikuwa anafurahi na kulia kwa sababu ya maji.

Hapa Aristotle anaruhusiwa kurudi, kwa dakika moja tu. Alitofautisha kitu chenyewe, yaani kile kinachokufanya uwe wewe, na mambo yanayosemwa juu yako: urefu, rangi, mahali ulipo, na kiasi. Uzito uko kwenye kundi la kiasi. Unaweza kubadilika leo na kesho na wewe ukabaki yuleyule. Ulizaliwa na kilo tatu hivi. Leo una sitini. Hakuna siku hata moja katikati ambayo ulikuwa mtu zaidi, au mtu pungufu.

Mt. Thoma wa Akwino aliichukua tofauti hiyo akaitumia kueleza Ekaristi, na sisi Wakatoliki tunaiishi kila Dominika hata kama hatuijui kwa jina. Chukua hostia ndogo ya waamini, kabla ya Misa, uiweke juu ya mizani ya bafuni. Hostia ile haifiki hata gramu moja, na mizani nyingi za nyumbani zinasoma kwa hatua za gramu mia moja. Itaandika 0.0. Baada ya mageuzo maumbo ya mkate yanabaki yaleyale, kwa hiyo mizani ingeandika vilevile, 0.0. Na mbele ya sifuri hiyo Kanisa zima linapiga magoti.

Nikifikiria hilo naona wazi kwamba kuna ukweli ambao mizani haikuumbiwa kuusema. Mizani haijakosea, ila imeulizwa swali lisilo lake.

2. Kipimo na hukumu

Sasa mtazameni mama yangu. Asubuhi anaingia bafuni, anapanda, anasoma, anashuka. Anaandika namba kwenye daftari la zamani la shule, kisha anaenda kubandika chai. Haichukui dakika moja.

Asubuhi moja daftari lilikuwa linasema 71.2. Siku tatu baadaye likasema 73.6, na viatu vikawa vinambana. Hakulia. Hakujiita mwanamke asiyejiheshimu. Alifunga kanga, akachukua daftari na kadi, akaenda hospitali. Daktari akarekebisha dawa ya kupunguza maji, na ndani ya siku chache uzito ukarudi. Mizani ileile ninayoilaumu, siku hiyo huenda ilinibakizia mama.

Mdogo wangu naye alikuwa anatumia chombo kilekile, kwenye sakafu ileile. Namba ikisoma 52.4, siku ni njema, anaimba. Ikisoma 52.9, siku imeharibika, hata mazoezi ya kwaya haendi. Miguu yake ilikuwa imeshuka, lakini rohoni alishinda kutwa nzima amesimama juu ya kioo.

Tofauti ni nini? Mama alipewa na ile namba kitu cha kufanya. Mdogo wangu aliiuliza yeye ni nani. Kwa mmoja ilikuwa kipimo, kwa mwingine ilikuwa hukumu.

Mnaikumbuka habari ya mfalme Belshaza katika Danieli sura ya 5? Mkono unaandika ukutani, na Danieli anamfafanulia mfalme kwamba amepimwa kwenye mizani na ameonekana amepungua. Wengi wetu tukipanda mizani tunasikia kama tumeandikiwa maneno hayo. Lakini tusome vizuri. Aliyepima pale ni Mungu. Na alichopima ni kiburi cha mtu aliyenywea divai kwenye vyombo vitakatifu vya Hekalu. Hakupima kiuno cha mfalme. Methali 16:2 inasema hivyohivyo, kwamba anayeipima roho ya mtu ni Bwana. Na Samweli alipokuwa anachagua mfalme kwa kuangalia kimo na sura, Mungu alimsahihisha mapema kabisa (1 Sam 16:7). Kazi ya kukwambia una thamani gani ina mwenyewe. Ukimpokonya Mungu kazi hiyo ukakipa kipande cha kioo chenye betri, Biblia ina jina la kitu hicho, nalo ni sanamu.

Katekisimu imetuwekea mambo mawili pamoja hapa. Namba 2288 inatukumbusha kwamba uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, tuzitunze kwa akili. Kwa hiyo asije mtu akasema mwili hauna maana, roho tu ndiyo inayohesabika. Huyo mama yangu asingemsikiliza. Halafu namba 2289 inakataa kuufanya mwili uwe kitu cha kuabudiwa, ambacho kila kingine kinatolewa sadaka kwa ajili yake. Usiudharau, usiuabudu.

Na tafadhali, tuache kumrushia mtu mnene ile 1 Wakorintho 6:19, kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Someni mistari ya juu yake. Mt. Paulo pale anaongea habari ya uzinzi, wala hamsemi mtu mwenye kitambi. Hekalu huheshimiwa kwa sababu ya aliyemo ndani, na hakuna anayesimama mlangoni kuuliza lina tani ngapi.

3. Basi ni dhambi, au siyo?

Turudi kwa swali lake, maana alistahili jibu la moja kwa moja.

Kujipima uzito si dhambi. Kitendo chenyewe ni kama kuangalia saa. Uzuri au ubaya unaingia kupitia nia na mazingira, kama KKK 1750 inavyotufundisha. Unajipima ili ujitunze, umhudumie jirani, utii ushauri wa daktari? Vyema. Unajipima ili ujione bora kuliko wenzako? Hapo kuna kiburi, kaungame. Unajipima huku unapanga kuuadhibu mwili kwa njaa? Hapo unaumiza kitu ambacho si mali yako peke yako.

Lakini mara nane kwa siku, na "siwezi kuacha"? Hapa nilikaribia kukosea vibaya. Jibu lililonijia mdomoni lilikuwa, "Ongeza sala, imani yako imepungua." Namshukuru Mungu ugali ulikuwa unaungua, sikulisema. Katekisimu yenyewe, namba 1735, inasema hofu, mazoea na hali za ndani za mtu zinaweza kupunguza, hata kuondoa, lawama ya kitendo. Mtu aliyeshikwa namna hii anateseka, na mara nyingi ni ugonjwa unaotibika. Kumwambia asali tu ni kama kumwambia mama yangu asali tu miguu inapovimba. Sala tunasali. Na hospitali tunaenda.

Aliyenisaidia kuelewa ni Mt. Inyasi wa Loyola. Mwaka 1522 alikuwa Manresa, Hispania, akishambuliwa na wasiwasi wa dhamiri. Anaungama, anarudi, anakumbuka kitu kidogo, anaungama tena. Anajipima roho bila kushuka. Alifika mahali akawaza hata kujiua. Akaamua kutokula kabisa hadi Mungu amwondolee mateso hayo, akapitisha wiki nzima bila chakula. Padre wake muungamishi ndiye aliyemwamuru ale. Akala.

Huyu ndiye mtakatifu ambaye baadaye alilifundisha Kanisa uchunguzi wa dhamiri wa kila siku. Alijua kujipima kunakoua kukoje, akatuachia kujipima kunakoponya: saa maalumu, muda mfupi, unaanza kwa shukrani, unamalizia kwa kumwangalia Mungu na kesho yako. Kisha unanyanyuka na kuendelea na maisha. Na kipindi alichoshindwa kujiamulia mwenyewe, alimtii mtu aliyekuwa na macho tulivu kuliko yake.

Nadhani hapo ndipo jibu langu lilipo. Kupima nako kunahitaji kipimo. Mizani ya bafuni na dhamiri vyote vimewekwa ili upande, usome, ushuke. Anayekataa kabisa kupanda anajificha ukweli. Anayekataa kushuka ameugeuza ukweli mdogo kuwa gereza.

4. "Nimepungua kilo nne Kwaresima hii!"

Hili linatuhusu wengi, pamoja na mimi. Kila mwaka baada ya Pasaka kuna mtu anayetangaza kilo alizopunguza, na wengine wanamjibu "hongera". Sina ugomvi na kilo. Ila nauliza: ulifunga, au ulipunguza mwili ukaazima jina la Yesu?

Kwa macho vinafanana kabisa. Sahani ni ileile tupu. Lakini mfungo wa Kikristo una njia ya kutokea: chakula ambacho sikula kinapaswa kumfikia mtu. Isaya 58 haina mzaha katika hilo, na Bwana katika Mathayo 6 anatutaka tufunge bila kutangaza. Kama fedha ya chakula imebaki mfukoni, na kitu pekee kilichobadilika ni namba pale bafuni, basi nilikuwa kwenye mradi wangu binafsi. Unaweza kuwa mradi mzuri wa afya. Tuuite hivyo, tusiuite mfungo.

Na kama unajijua una shida na chakula, kama mdogo wangu, zungumza na padre wako kabla ya kufunga. Huenda sadaka yako ya Kwaresima ni kula sahani nzima mezani pamoja na wenzako. Kwake ilikuwa hivyo, na niliona kwa macho yangu kwamba ilimgharimu kuliko mkate mkavu ulivyonigharimu mimi.

5. Nani anaikagua mizani?

Mizani za sokoni zina mkaguzi. Wakala wa Vipimo wanapita, wanakagua, kwa sababu mizani ya udanganyifu ni wizi, na Mungu alishakataza tangu Walawi 19:35-36. Mizani ya nyumbani haina mkaguzi ila wewe. Njia ni rahisi: jipime, kisha jipime tena umebeba mfuko wa unga wa kilo tano ambao haujafunguliwa. Tofauti iwe tano. Ikizidi au kupungua sana, badili betri, angalia sakafu, jaribu tena. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, usiimwagie maji. Usiirundikie ndoo juu. Usiirukie. Kama haitumiki kwa miezi, toa betri zisije zikavuja ndani.

Nawaambia kitu kimoja kilichonishangaza. Kilo yenyewe ilikuwa na bosi wake: silinda ndogo ya platini na iridiamu, imefungiwa Sèvres karibu na Paris tangu karne ya 19. Mizani zote duniani zilikuwa zinamtii huyo. Wataalamu walipoilinganisha na nakala zake, wakakuta vimetofautiana kwa mikrogramu 50 hivi, na hawakuweza kusema kwa uhakika nani amebadilika. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande cha madini. Inategemea kanuni ya maumbile isiyochakaa.

Dhamiri nayo ni hivyo. Ikijilinganisha na marafiki tu, au na picha za mitandaoni, inasogea polepole, na hakuna anayejua nani amesogea kwa sababu wote tunasogea pamoja. Inahitaji kulinganishwa na kitu kisichochakaa. Ndiyo maana tunasoma Neno, ndiyo maana kuna Kitubio. Pale unarudishwa sifuri, kisha unapanda upya.

Na sasa dhambi yangu. Midomo yetu nayo ni mizani, na haijakaguliwa. Kwetu mtu akifika tu, kabla hata ya maji ya kunywa: "Heee, umenenepa!" au "Mbona umekwisha hivyo, unaumwa?" Tunasema ni utani, ni upendo. Mara nyingine kweli ni upendo. Lakini mimi niliyemwita mdogo wangu Bonge sikuwa namtunza. Nilikuwa natafuta kicheko, na yeye ndiye aliyelipa bei, mwaka mzima, kwa vyakula alivyoviruka.

Mnajua lumbesa: gunia lililojazwa hadi likaongezewa kichwa juu, mkulima anauza mengi kwa bei ya gunia moja. Tunawapimia wenzetu kwa lumbesa wakikosea, sisi wenyewe tunataka gunia la kawaida. Ila Luka 6:38 inanichekesha na kunitisha kwa pamoja. Yesu anaahidi kipimo kilichoshindiliwa mpaka kinamwagika, na anatupa mapajani mwetu wanaotoa. Yaani Mungu naye anafunga lumbesa, lakini Yeye anamjazia mnyonge. Halafu anasema tutapimiwa kwa kopo lilelile tunalopimia wengine. Nikikumbuka ile Krismasi, naogopa kopo langu.

Niliomba msamaha. Nilimwomba jikoni, na baadaye nikamwomba mbele ya watu wa nyumbani, kwa sababu tusi nalo lilitolewa mbele za watu.

6. Leo iko wapi?

Mizani sasa inakaa chumbani kwa mama, chini ya kitanda, na ni ya mama. Anapanda, anasoma, anashuka. Mdogo wangu alikubali kwenda kuonana na mshauri wa afya ya akili, na hadi leo anaenda. Akihitaji kupimwa, anapimwa huko, mgongo ukiwa umeelekea namba. Siwezi kuwaambia amepona kabisa. Kuna siku anakula vizuri na kuimba, kuna siku anasogeza chakula pembeni na sisi tunakaa naye mezani bila kusema kitu. Mwezi uliopita aliniambia, "Kaka, leo sikumbuki nina kilo ngapi." Kwangu ilikuwa kama Aleluya ya mkesha wa Pasaka.

Mt. Augustino, katika kitabu cha 13 cha Maungamo, anafikiri juu ya uzito kwa namna ambayo hakuna mizani inayoiweza. Anaona kila kitu kinavutwa kwenda mahali pake, jiwe chini, moto juu, na kwake yeye kinachomvuta ni upendo. Basi kama unataka kujua uzito wako wa kweli, uliza unavutwa wapi. Asubuhi ukiamka, moyo unakimbilia wapi kwanza? Hiyo ndiyo namba ambayo Mungu anaisoma, na anaisoma kwa huruma.

Kwako wewe unayesoma haya na umeshajipima zaidi ya mara moja leo: huna kesi mbele ya Mungu. Shuka. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, mzazi, dada, padre, daktari. Usilibebe peke yako.

Maswali ya kutafakari wiki hii

Ni namba gani inayoniharibia siku: kilo, alama za mtihani, salio, au watu walionipenda mtandaoni?

Ni nani niliyemchekesha mtu kwa kuutaja mwili wake, na bado sijamwomba msamaha?

Uchunguzi wangu wa dhamiri unaishia kwenye shukrani na hatua ya kesho, au unaishia kwenye kujichukia?

Tusali

Ee Bwana, wewe uliyeniumba unajua mimi ni mavumbi, na bado umenipenda. Nisaidie kuutunza mwili ulionikabidhi bila kuudharau na bila kuuabudu. Unapotaka nijichunguze, nipe ujasiri wa kupanda. Ukishanionyesha, nipe imani ya kushuka. Uukague ulimi wangu, nisiwapimie ndugu zangu kwa kipimo nisichokitaka mimi. Wakumbuke wote wanaoogopa sahani na kioo, uwape watu wa kukaa nao mezani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mama Maria, uliyemlisha Yesu na kumtazama akikua, utuombee.